Watoto wa Indiana wasiendeshwe kwa hela ya msimu

Mhariri,

Naandika kutoka Indianapolis, jimbo la Indiana, Marekani, nafanya kazi dei kea, chumba cha wachanga. Naomba nafasi kwa sababu hili suala la vocha za kulipia dei kea limefika pabaya, na kwenye magrupu yetu ya Waswahili hapa naona watu wanaliongelea kama balaa lililoanguka tu kutoka juu, eti foleni ya kusubiri vocha ni ndefu tumuombe Mungu. Kuomba tuombe, lakini foleni hii imetokana na bajeti, na bajeti inapitishwa na watu wanaokuja kutuomba kura.

Kwa ambao hawajafuatilia, vocha ya CCDF, mfuko wa serikali kuu wa malezi ya watoto, ndo ile inayomlipia mtoto dei kea kama mzazi anafanya kazi au anasoma na kipato chake ni kidogo. Hela nyingi inatoka Washington, yaani serikali kuu, ila jimbo ndo linapanga nani apate, dei kea ilipwe kiasi gani, na liongeze kiasi gani kutoka mfukoni kwake. Kipindi cha korona Washington ilimwaga hela, kwa nchi nzima ilikuwa kama dola bilioni 39 za malezi ya watoto peke yake, na Indiana ikafungua milango, watoto wengi wakaingia, na ilikuwa vizuri sana, wamama walifanya kazi. Lakini ile hela ilikuwa na tarehe ya mwisho, imeandikwa kwenye sheria kabisa, hakuna aliyefichwa. Kazi ya jimbo ilikuwa kutafuta chanzo chake mapema na halikufanya hivyo vya kutosha.

Desemba 2024 vocha mpya zikasimamishwa. Aprili 2025 wabunge wanakaribia kumaliza bajeti ya miaka miwili, makadirio mapya ya mapato yakaja yameshuka kama dola bilioni 2, basi ikawa kukata tu. On My Way Pre-K, chekechea ya watoto wa miaka minne, nafasi zikatoka karibu 6,000 zikabaki 2,500. Oktoba wakakata na malipo ya vocha kwa dei kea, wachanga asilimia 10, wa chekechea 15, wale wakubwa wanaokuja baada ya shule 35. Mwaka huohuo wa 2025 foleni ilipita watoto 20,000. Na bajeti hiyohiyo ilipandisha ushuru wa sigara dola 2 kwa pakiti, kwa hiyo wakiamua kutafuta chanzo kipya cha hela wanakipata.

Sasa nieleze hiyo asilimia 10 ya wachanga maana ukiisikia unaweza kudhani ni ndogo. Sheria ya jimbo inasema mtu mzima mmoja, wachanga wanne, mwisho. Na ni sheria nzuri, mimi mwenyewe nina mikono miwili, mmoja nambadilisha nepi, mwingine analia chupa, wa tatu ndo kaanza kutambaa anafuata soketi ya ukutani, wa nne kalala lakini lazima nimwangalie anavyopumua. Ila maana yake ni kwamba ada ya watoto wanne ndo inabeba mshahara wangu, kodi ya jengo, bima, chakula, umeme, joto la msimu wa baridi. Hakuna faida iliyofichwa pale. Ukitoa asilimia 10 unatoa kwenye mshahara, mwalimu anaondoka kwenda ghalani ambako analipwa zaidi, chumba kinafungwa, na hapo hata mzazi anayelipa cash hapati nafasi. Kwetu chumba kimoja kimeshafungwa.

Kuna dada mmoja Mkongo alikuja, kapata kazi ya kupanga mizigo, mtoto wake miezi mitano, huko kwenye vocha kaambiwa asubiri. Akauliza akilipa mwenyewe ni bei gani. Akaandikiwa kwenye kikaratasi, akakiangalia muda mrefu, akakikunja akakitia kwenye mkoba, akasema asante. Kazi aliiacha. Jimbo limeokoa hela ya vocha moja, limepoteza mfanyakazi na kodi ambayo angelipa, na mtoto yuko na jirani ambaye tayari ana wengine watano sebuleni. Mnisamehe lakini mimi sioni kilichookolewa.

Kuna majimbo yamekaa yakafikiri tofauti. New Mexico mwaka 2020 walianzisha mfuko maalum wa watoto wadogo kwa dola milioni 300, afu Novemba 2022 wakapigia kura katiba ya jimbo, karibu asilimia 70 wakasema ndiyo, sehemu ya mfuko wao mkubwa wa kudumu iende kwenye malezi na elimu ya watoto kila mwaka. Kuanzia Novemba 1, 2025 malezi ni bure kwa familia yoyote bila kujali kipato. Najua mtu atasema wale wana mafuta. Sawa, Vermont je? Hawana hata kisima kimoja cha mafuta. 2023 walipitisha sheria ya kukata asilimia 0.44 kwenye mishahara, sehemu kubwa analipa mwajiri, inaenda kwenye malezi ya watoto, na tangu Julai 2024 inakatwa. Hicho ndo ninachokitaka hapa, chanzo chenye jina lake, kinachoingia kila mwaka, ambacho makadirio yakishuka Aprili hakiwi cha kwanza kufyekwa.

Kikao cha bunge cha mwaka kama 2026 huwa kifupi na kwa kawaida bajeti haifunguliwi, inayofuata inaandikwa kuanzia Januari 2027. Ila kabla ya hapo, Novemba 2026, viti vyote 100 vya bunge dogo la jimbo vinagombewa na nusu ya maseneta. Watapita makanisani kwetu, watapita misikitini. Waulizwe hela ya watoto itatoka wapi na wataje chanzo, wasiseme tu wanapenda familia. Ambaye hajapata uraia hapigi kura lakini anaweza kumwandikia mbunge wake na anaweza kwenda kuongea mbele ya kamati.

Ombi langu kwako mhariri, zile tarehe za vikao vya kamati ya bajeti zikitoka zichapisheni kwa Kiswahili, mapema kidogo, maana wengi wetu ratiba ya shifti inatoka wiki mbili kabla na kuomba siku ya kwenda Statehouse, jengo la bunge la jimbo, inabidi ujue.

Mlezi wa wachanga,
Indianapolis