Hela ya vidonge sitatuma

Mwanangu Zuhura,

Marahaba. Huku Mikindani hatujambo, bibi yako anakusalimia, kusi limeshaanza.

Umeniomba hela ya vidonge vya bakteria wazuri, ukaniuliza kwa nini vitofautiane bei wakati jina kwenye boksi ni lile lile. Mwalimu wa biolojia hastaafu, kwa hiyo nivumilie. Jina la spishi halitoshi. Kuna bakteria E. coli anayekuharisha damu, na kuna E. coli mwingine, Nissle 1917, ambaye Ujerumani ni dawa: Alfred Nissle alimpata mwaka 1917 kwenye kinyesi cha askari ambaye hakuugua wenzake walipokuwa wanaharisha. Ni kama akina Mohamedi wawili wa mtaani kwetu, mmoja anachonga mitumbwi, mwingine hata tezo hajui kulishika. Kinachowatenganisha bakteria hao ni jeni.

Ila kilichonikosha ni habari ya mwani. Mwaka 2010 watafiti wa Roscoff, Ufaransa, walieleza bakteria wa baharini, Zobellia galactanivorans, mwenye kimeng'enya cha kuvunja sukari ngumu ya mwani mwekundu, jamii ya ule Wajapani wanaoviringishia sushi. Wakaitafuta jeni ya kimeng'enya hicho kwingine, wakaikuta matumboni mwa Wajapani, ndani ya Bacteroides plebeius. Kwa Wamarekani waliolinganishwa nao haikuonekana. Yaelekea bakteria wa bahari waliingia na chakula, jeni ikahamia kwa wenyeji wa tumbo. Sisi tunafunga mbegu za mwani kwenye kamba maji yakitoka, tunaanika kwenye vichanja, tunauza kwa kilo, wala hatuuli. Sidhani kama tumbo langu limeambulia chochote kwa kuloa kote huku!

Sasa wewe, tumbo likikata kidogo tu unameza rangi mbili, zile kapsuli za kuua bakteria, bila kupima. Dawa hiyo haichagui. Inafagia na wanaokusaidia, na kama aina fulani ilikuwa kwako tu na haimo kwenye boksi lolote, utainunua wapi? Daktari akikuandikia, meza mpaka dozi iishe. Asipoandika, acha.

Kesho nampa kondakta mbaazi na makopa. Nyuzinyuzi za mbaazi wewe huzimeng'enyi, bakteria wa tumboni ndio wanaozila. Mbaazi nimeshachambua, loweka usiku kucha. Ming'oko ingefika imeharibika, utaikuta ukija likizo. Kodi ya chumba nitatuma Ijumaa.

Mama yako