Ustahimilivu wa mwanafunzi wa udaktari hauji kwa kukaripiwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie malezi ya vijana wanaosomea udaktari katika jiji hili, wawe wa Muhimbili, wa Kairuki au wa vyuo vingine. Mimi ni muuguzi mstaafu niliyefanya kazi katika wodi zinazofundishia, na ninayoyasema nimeyaona nikiwa kando ya kitanda cha mgonjwa.

Kijana hutoka kidato cha sita, husoma anatomia na fiziolojia, kisha huvaa koti jeupe na kupelekwa wodini akiwa bado na umri wa miaka ishirini na kitu. Huko hushuhudia kwa mara ya kwanza mama akifariki baada ya kujifungua, na akitoka nje ndugu wa marehemu humzingira wakidhani yeye ndiye daktari. Amefundishwa chanzo cha kutokwa damu na hatua za kuizuia, lakini ni nadra kumkuta aliyefundishwa aseme nini mbele ya ndugu wale, au alale vipi usiku huo ilhali alfajiri anatakiwa kwenye raundi ya kuwapitia wagonjwa.

Wapo walimu wanaoamini kwamba kijana hukomaa kwa kukaripiwa mbele ya wagonjwa na wenzake, kwa kuwa wao pia walipitia hayo. Siafikiani nao hata kidogo. Mwanafunzi aliyeaibishwa kwa kusema hajui hujifunza kubahatisha jibu, na akiwa mtarajali, yaani daktari mpya aliye katika mafunzo kazini, aliyekosea dozi usiku wa manane, mazoea hayo hayo humfanya anyamaze badala ya kumpigia simu bingwa wa zamu. Anayeumia ni mgonjwa. Ndiyo maana naona ustahimilivu na weledi ni somo moja, kwani anayejua kwamba akikiri kosa atasahihishwa bila kudhalilishwa ndiye atakayekuwa na ujasiri wa kulikiri.

Chama cha Madaktari Duniani kilipolipitia upya Azimio la Geneva, ambalo ni kiapo cha madaktari, mwaka 2017, kiliongeza ahadi ya daktari kutunza afya na ustawi wake ili aweze kutoa huduma ya kiwango cha juu, ahadi ambayo haikuwamo katika azimio la mwaka 1948. Shirika la Afya Duniani nalo, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, linaueleza uchovu uliokithiri wa kazi kuwa ni matokeo ya msongo wa muda mrefu kazini ambao haukudhibitiwa, wala haliuhesabu kuwa ugonjwa. Kwa hiyo tusimwambie mtarajali awe mvumilivu pale anapokosa glavu, au anapoingia zamu ya pili bila kupumzika. Upungufu huo ni wajibu wa uongozi kuuondoa, na hakuna semina ya ustahimilivu itakayoziba pengo lake.

Yanayowezekana yapo, na mengi hayahitaji fedha nyingi. Katika miaka ya 1950 daktari Michael Balint aliwakusanya madaktari wa London katika vikundi vidogo wazungumzie wagonjwa waliowasumbua moyo. Nasi tunaweza kuwakalisha wanafunzi wetu baada ya kifo wodini, hata kwa robo saa, pamoja na muuguzi aliyekuwapo. Kila mwanafunzi apewe mlezi ambaye hasahihishi mitihani yake, maana hakuna atakayemfungulia moyo mtu mwenye kalamu ya kumfelisha.

Weledi nao upimwe waziwazi wodini: je, amemwamkia bibi aliyelala kitandani kabla ya kumfunua, amevuta pazia, amejitambulisha kuwa ni mwanafunzi na kuomba ridhaa? Koti jeupe halimwondolei kijana wajibu wa kutoa shikamoo, na nimewaona wazee wakikataa kuguswa kwa sababu hiyo tu. Wauguzi tuulizwe maoni yetu kabla ya alama hizo kutolewa, kwa kuwa sisi hubaki na mgonjwa baada ya raundi kupita na kusikia anachosema.

Navisihi vyuo vyetu, pamoja na Baraza la Madaktari Tanganyika, viyatazame haya kabla kundi lijalo halijaingia wodini, na viwaanze walimu wenyewe, kwa kuwa mwanafunzi huiga namna bingwa wake anavyozungumza na mhudumu wa usafi.

Muuguzi mstaafu,
Temeke, Dar es Salaam