Risala ya vijana wa bendi Walukuba, Jinja: "Hii ngoma ni ya kabila gani?"

Mheshimiwa mgeni rasmi, mama yetu diwani, mwenyekiti wetu wa LC1 (baraza la mtaa), walimu, wazazi, na nyie majirani wa nyumba za nyuma ambao mmezijua nyimbo zetu kuliko sisi wenyewe, wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Hii risala alitakiwa aisome katibu wetu ila yuko kule nyuma anafunga uzi wa adungu, kile kinubi chetu, umekatika leo asubuhi, kwahiyo nimesukumwa mimi mpiga besi, manake wanasema besi hata isipokuwepo hakuna atakayejua. Sawa, tutaonana kwenye wimbo wa pili.

Mama, sijui kama unakumbuka. Mwaka juzi, usiku wa saa tatu hivi, ulikuja mpaka mlangoni hapa umejifunga leso, sisi tukajua leo tumekwisha, ukasimama ukasikiliza kidogo alafu ukauliza, "Nyie watoto, hii ngoma ni ya kabila gani?" Mmoja akajibu jazi, mwingine Kisoga, mimi nikasema lingala, wote kwa pamoja, ukatikisa kichwa ukasema basi mwisho saa nne. Lile swali limetukaa mpaka leo, tumelibishania sana, na risala yetu yote ni kujaribu kukujibu, maombi yatakuja mwishoni kama kawaida ya risala.

Mama wewe umekulia hapa hapa Walukuba so hili unalijua kutushinda. Hizi nyumba zilijengwa watu waje wafanye kazi, bwawa la Owen Falls likafunguliwa 1954, viwanda vya nguo na vingine vikafuata, na watu wakaja toka West Nile, toka Acholi, Teso, Wajaluo toka Kenya, kila mtu na lugha yake na mzigo wake, uani wakabaki wanaelewana kwa Kiswahili hiki hiki kilichovunjika vunjika ninachokusomea. Sasa kwenye ile mizigo kulikuwa na ngoma pia. Sisi saba ni wajukuu wa ile mizigo.

Nianze na saksafoni. Baba yake alikuwa askari kwenye bendi ya tarumbeta, na huyu mwenzetu alifundishwa barazani, wima, kifua mbele, mguu wa kushoto ukipiga chini. Mpaka leo akipiga wimbo wa mapenzi mguu wake unaenda gwaride. Shida yake nyingine si kosa lake, ni ya chombo chenyewe, saksafoni aina ya alto ukipiga Do yake kwenye kibodi inatoka E flati, na trampeti nayo ni B flati, kwahiyo mwanzoni kila mtu akisema "tuanze Do" zilikuwa zinatoka Do tatu tofauti, na majirani mlisikia wenyewe matokeo yake, tusameheane.

Dada wa kibodi ametoka kwaya ya kanisa. Yeye anasoma do re mi kama wengine wanavyosoma gazeti, na ndo aliyetufundisha kodi, zile sauti kadhaa zinazobonyezwa pamoja (si zile za serikali mama, usiogope). Dada wetu mwimbaji yeye ni wa madrasa, ameanza na kaswida akiwa mdogo, maulidi zote za hapa alikuwa anawekwa mbele. Sauti yake inapita mahali ambapo kwenye kibodi hakuna kitufe, iko katikati ya kile cheupe na kile cheusi, na yule wa kwaya ilimuuma sana, alikuwa anamwambia "umetoka nje ya sauti" na mwenzake anamjibu "sijatoka, wewe ndo huna mlango wa kuingilia." Waliacha kusemeshana wiki mbili. Siku hizi ikifika ile sehemu kibodi inanyamaza kabisa, tunamwachia dada peke yake na ngoma.

Mimi nimetoka baa. Bendi ya lingala, nilikuwa nabeba spika kwanza, siku moja mpiga besi hakuja. Nota sijui hata moja, ila sebene, ile sehemu ya magita ya kucheza, ikianza nakesha nayo. Inatosha.

Sasa dramu. Huyu ndo alitutesa kuliko wote na ndo tunampenda kuliko wote. Kwao ni Busoga ndani, amekulia kwenye embaire, na kwa asiyejua, embaire ni yale magogo makubwa yanalazwa juu ya migomba, chini kuna shimo limechimbwa sauti ijae, watu wanakaa pande mbili wanatazamana na wanapiga kwa kupishana, huyu akigonga mwenzake anaingia kwenye ule upenyo, kwa kasi ambayo macho hayafuati. Sasa mtu wa hivyo ukimkalisha kwenye dramu ukamwambia "moja mbili tatu nne, ingia kwenye moja", anakuuliza, moja ya nani? Manake kwenye embaire anayeingia katikati kwake yeye pale katikati ndo moja. Saksafoni na gwaride lake yuko upande wa kushoto-kulia, dramu yuko kwenye upenyo, mimi niko katikati nalia. Mwezi mzima wimbo mmoja haukupita mistari minne.

Ikabidi dada wa kibodi aturekodi kwenye simu, tukakaa chini kwenye mkeka tukasikiliza, tukagundua kumbe moja ziko mbili, na zote ziko sawa, hakuna aliyekosea. Ukipiga makofi na saksafoni wimbo unatembea, ukipiga makofi na dramu wimbo ule ule unaruka. Tukaacha kutafuta nani yuko sahihi, mimi nikaambiwa nishike saksafoni mkono mmoja na dramu mkono wa pili, yaani besi ndo gundi, sasa mjue kwa nini sisemi sana.

Mpiga trampeti naye ni Msoga ila habari yake ni nyingine. Babu yake alipiga bigwala, zile tarumbeta za vibuyu virefu za shughuli za kifalme za Busoga, ambazo 2012 UNESCO waliziweka kwenye orodha ya urithi unaotakiwa kuokolewa haraka. Kibuyu kimoja kinatoa sauti moja tu. Wimbo wote unatokea watu watano sita wakisimama pamoja, kila mtu na sauti yake moja, unangoja zamu yako ikifika unapuliza, ikipita unanyamaza. Mwenzetu huyu alipopata trampeti yenye sauti zote alijisahau, akianza solo anamaliza ndege wameshalala. Siku moja tukaenda kwao, akampigia babu solo yake yote pale chini ya mwembe, mzee akasikiliza mpaka mwisho, alafu akauliza kwa upole, "Na wenzako wataingia saa ngapi?" Toka siku ile solo zake zimepungua na zimekuwa tamu, tena anaacha mapengo makubwa ambayo dramu anayajaza bila kuambiwa.

Wa saba ndo huyo adungu. Wazee wake ni Alur wa West Nile, adungu ilikuja na basi imefungwa kwenye blanketi. Mwaka juzi huo huo tulienda shindano moja Kampala, tukapiga vizuri, jaji mmoja akatuita pembeni akasema vijana mko vizuri ila hiyo adungu ondoeni, jazi haina adungu, pelekeni kwenye ngoma za asili. Ngazi za pale tulishuka bila kuongea. Mwenye adungu alikaa kwenye taxi ameikumbatia mpaka Jinja, na wiki iliyofuata hakuja mazoezi.

Dada wa kibodi ndo akaanza kutusomea kwenye simu. Kwamba jazi yenyewe New Orleans ilizaliwa na bendi za gwaride, na nyimbo za kanisa, na bluzi, na ngoma za watumwa waliokuwa wanakusanyika Jumapili pale uwanja wa Congo Square. Louis Armstrong, yule bingwa wa trampeti, alijifunzia koneti, ndugu yake trampeti, kwenye kituo cha watoto watukutu. Joe Zawinul, mzungu wa Vienna, alianza na akodioni utotoni, baadae ndo anaanzisha bendi ya jazi ya Weather Report na mpiga saksafoni Wayne Shorter mwaka 1970. Mulatu Astatke wa Ethiopia alipelekwa Wales asomee uinjinia, akaishia kwenye muziki, na ngazi za sauti za kwao hakuziacha uwanja wa ndege, ndo zikawa Ethio-jazz. Na kuna bendi ya Shakti, gita la John McLaughlin wa Uingereza na wenzake wa India, marehemu Zakir Hussain kwenye tabla, zile ngoma mbili ndogo za India, ambayo baba yake ndo alikuwa bingwa wake, na Vinayakram, mama, huyu alikuwa anapiga chungu. Chungu cha udongo, kama cha kupikia. Shakti 2024 walipata Grammy, ile tuzo kubwa ya muziki ya Marekani. Na hapa kwetu bendi ya Afrigo wapo toka 1975, mzee Moses Matovu na saksafoni yake, hakuna aliyewauliza ile ni rumba au ni ya Kiganda, watu wanacheza tu.

Tukampelekea mwenzetu ile habari ya chungu nyumbani. Akacheka. Jumamosi akarudi.

Kwahiyo mama, swali lako. Kabila la hii ngoma ni Walukuba. Tumetafuta jibu lingine tumelikosa.

Maombi sasa, ni machache. Kwanza ile stoo ya nyuma ya ukumbi iliyojaa viti vilivyovunjika, tupewe ufunguo, viti tutavitengeneza wenyewe, fundi seremala tunaye (dramu huyo huyo). Tukipiga mle ndani na mlango umefungwa majirani watalala, tumeshajaribu. Pili ni kile kijiti chembamba cha tete kinachofungwa kwenye mdomo wa saksafoni, kinaisha haraka, na tunacho kimoja kimepasuka pembeni tumekichonga kwa wembe, mkisikia inakoroma leo ndo hicho. Tatu, adungu. Nyuzi tunanunua zile za kuvulia samaki, hizo si tatizo na ziwa liko hapo. Tatizo ni ngozi yake, mvua ikinyesha inalegea na sauti zote zinashuka, so tungeomba kabati kavu tu, lenye mlango.

Dada wa kibodi anasema niongeze spika. Nimeongeza.

Tunakushukuru mama kwa kuja, na kwa kutupa mpaka saa nne usiku ule, wengine wangetufukuza. Mwenye adungu amenipungia mkono, uzi umekaa, ila naona mawingu yanatoka upande wa ziwa na mkao wake haudumu mvua ikija, kwahiyo naomba niishie hapa tuanze haraka haraka kabla haijalegea.

Ni sisi vijana wako wa bendi, Walukuba.