Mwanangu, kuhusu yule mpiga filimbi

Mwanangu mpenzi,

Baada ya salamu, sisi hapa nyumbani hatujambo. Bibi yako anauliza kama unakula vizuri huko bweni au unashindia chai.

Umeniuliza kama wanyama wanamjua Mungu, na kama ni dhambi kuipenda sura ya 7 ya The Wind in the Willows, kile kitabu cha hadithi za wanyama. Nianze na hilo la dhambi, maana naona ndilo linalokukosesha usingizi. Yule mpiga filimbi wa sura hiyo, mwenye pembe na kwato, ni Pan, mungu wa Wagiriki wa kale, mlinzi wa wachungaji na mifugo. Waandishi wengi wa Uingereza wa enzi zile walimpenda, wakamtia kwenye mashairi na hadithi, mara nyingi kama pambo tu. Kusoma habari zake si kumsujudia.

Kwa Kenneth Grahame, aliyekitoa kitabu hicho mwaka 1908, mimi naona Pan si pambo. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka mitano tu, akapelekwa kwa bibi yake Cookham Dean, karibu na mto Thames. Ukubwani alifanya kazi Benki Kuu ya Uingereza hadi akawa katibu wake. Mtu wa benki mchana kutwa, na moyo uko mtoni. Mwaka 1907 mwanawe Alastair alipokuwa mbali naye, alimwandikia visa vya Chura, yule wa kitabuni, kwa barua, kama ninavyokuandikia, ila zake zilichekesha. Sura ya mpiga filimbi haikuwamo kwenye barua hizo, aliiongeza baadaye.

Sasa isome tena, lakini safari hii mtazame baba. Mtoto wa fisi maji, Portly, amepotea siku kadhaa. Baba yake anakesha kila usiku kwenye kivuko alikomfundisha kuogelea, akitumaini kwamba mtoto akirudi atapitia pale. Hiyo ndiyo sehemu inayonitoa machozi mimi, kabla hata filimbi haijalia. Marafiki wawili, Panya na Fuko, wanaingia mtumbwini kumtafuta, na kabla ya mapambazuko muziki unawavuta hadi kisiwani. Fuko anamuuliza mwenzake kama anaogopa. Panya anakana: amwogope huyu? Kamwe! Kisha papo hapo anakiri kwamba anaogopa. Wameinamisha vichwa, na katikati ya zile kwato mtoto amelala fofofo.

Huyo mungu wa hadithini hadai sadaka wala hatoi amri. Amemlinda mtoto wa watu, basi. Jua linapochomoza anatoweka, na anawaachia usahaulifu, ili kumbukumbu ya mambo mazito kiasi kile isije ikawaharibia furaha ya siku zote zilizobaki. Wakubwa wanasahau upesi. Portly ndiye anayezinduka akahangaika huku na huko akitafuta, kisha akakaa chini akalia. Mwandishi hasemi analilia nini. Amefanya vizuri kutosema.

Kuhusu wanyama kumjua Mungu, hilo ulilisoma madrasa kabla hujajua Kiingereza. Suratul An'am, aya ya 38, inasema wanyama wa ardhini na ndege ni umma kama sisi. Suratun Nur, aya ya 41, inasema ndege waliokunjua mbawa wanamtukuza Mungu, na kila mmoja anajua sala yake. Kwa hiyo Panya kuinamisha kichwa hakunishangazi. Tofauti yetu na Grahame ni nani anayeinamiwa, nayo si ndogo. Ukiijua hiyo, penda sura yako bila wasiwasi.

Ile nakala uliyosema utamletea mdogo wako likizo, ifungue kwanza uikague. Matoleo mengine yaliyofupishwa huiruka sura hii. Kama haimo, iache hukohuko, nitamtafutia nyingine.

Mama yako