Kiti cha Mwakilishi wa Wanawake kisiwe kisingizio cha kutunyima vingine

Mhariri,

Mwaka wa 2022 nilizunguka na shangazi yangu alipokuwa akiwania udiwani katika wadi moja hapa Msambweni. Kazi yangu ilikuwa kubeba daftari la majina na kulipa bodaboda. Jioni moja baada ya magharibi tulisimama penye kahawa, wanaume kama ishirini wamekaa kwenye mabenchi. Shangazi akazungumzia kisima kilichogeuka chumvi na zahanati isiyokuwa na mkunga usiku. Wakamsikiliza vizuri. Alipomaliza, mzee mmoja akaweka kikombe chini, akamwambia kwa upole kabisa: "Mwanangu, umesema kweli tupu. Lakini nyinyi si mna kiti chenu? Hiki tuachieni sisi."

Wenzake wakaitikia kwa vichwa. Nami nikanyamaza, na kunyamaza kule kunaniuma mpaka leo, maana jibu nilikuwa nalo. Siku ya uchaguzi kila mpiga kura hupewa karatasi sita. Moja tu ndiyo ya wanawake peke yao. Tano zilizobaki, ya diwani ikiwemo, ni za yeyote.

Kiti alichokisema mzee ni cha Mwakilishi wa Wanawake. Katiba ya Kenya ya 2010 iliweka viti 47 vya aina hiyo katika Bunge la Taifa, kimoja kwa kila kaunti. Maeneobunge ni 290, na hakuna kifungu kinachosema ni ya wanaume. Hata hivyo, mwaka wa 2017 wanawake walioshinda maeneobunge walikuwa 23 tu. Katiba hiyo hiyo inataka jinsia moja isizidi thuluthi mbili. Bunge lilishindwa kutunga sheria ya kulitimiza hilo, hadi Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais alivunje. Halikuvunjwa.

Kinachonisikitisha zaidi ni sisi wa Msambweni. Mwaka wa 1997, kiti hiki maalum hakijazaliwa, eneobunge letu lilimchagua Marere wa Mwachai kuwa mbunge. Tangu alipotoka, wabunge wetu ni wanaume watupu.

Sikipingi kiti hiki, nakitetea. Mishi Mboko alianza nacho Mombasa mwaka wa 2013, na 2017 akachukua ubunge wa Likoni. Aisha Jumwa alianza nacho Kilifi, akaenda Malindi. Ndivyo inavyofaa: mtu apite, amwachie mwenzake nafasi. Na Gavana wetu, Fatuma Achani, alikuwa naibu gavana tangu 2013 kabla ya kuchaguliwa mwaka wa 2022. Kwale iliyomkabidhi mwanamke kaunti nzima itasemaje kwamba wadi ni nzito kwake?

Liko na jambo la saa. Siasa za wadi hupangwa maskani, kwenye mabaraza ya wanaume, baada ya isha, mpaka usiku wa manane. Shangazi akienda atasemwa. Asipoenda, asubuhi atakuta wazee wameshaafikiana. Mumewe alimuunga mkono, Mungu amjalie, lakini hata yeye hangeweza kumpeleka maskani kila usiku. Fedha nazo zilikuwa tabu. Aliuza bangili zake mbili za dhahabu, alizovaa siku ya harusi, akalipia mabango na petroli. Nilikuwepo kwa sonara zilipowekwa kwenye mizani. Hakusema neno, alizisugua tu alama zilizobaki mkononi. Kura hazikutosha.

Naviomba vyama vifanye vikao vyake vya wadi mchana, mahali ambapo mwanamke anaweza kukaa bila kunong'onwa. Nanyi, Mhariri, mngechapisha mara kwa mara, kwa herufi kubwa, maelezo ya zile karatasi sita: ipi ni ya nani. Wengi wanaosema "mna kiti chenu" hawana ubaya, wanaamini ndivyo sheria ilivyo.

Uchaguzi ni Agosti 2027. Shangazi anarudi tena, na daftari ni lile lile. Mzee wetu yungali hai, na kahawa bado hunywewa pale pale. Safari hii nitamjibu.

Mwalimu wa chekechea,
Msambweni, Kwale