Barua kwa mwanangu: nimeingia hamamu la Kashan

Mwanangu kipenzi, assalaam alaykum,

Usiwe na wasiwasi, ziara inakwenda vizuri alhamdulillah, huku Iran Qom tumemaliza na leo tuko Kashan, mji uko kusini ya Qom ukingoni mwa jangwa. Habari za safari utazipata nikirudi, hii nakuandikia wewe unayesomea kuchora majumba, manake leo nimeingia jengo moja kila hatua nakuwaza wewe tu, natamani ungekuwepo na daftari lako.

Linaitwa hamamu la Sultan Amir Ahmad, hamamu ndo nyumba ya kuogea watu wote, jina limetokana na kaburi la mtukufu mmoja linalozuriwa, lililo jirani pale. Limejengwa karne ya 16 enzi za Wasafavi, ukoo wa wafalme wa Iran, mwaka 1778 ikaja zilzala, tetemeko la ardhi, ikaliharibu vibaya, halafu likatengenezwa upya enzi za ukoo mwingine wa wafalme, Wakajari. Siku hizi haogi mtu, ni makumbusho, unakata tiketi unaingia.

Sasa nisikilize hapa kwenye mlango. Ukiwa nje barabarani huoni chochote cha ndani, hata mlango ukiwa wazi wote, manake njia ya kuingilia imepindishwa makusudi, unakwenda kidogo unakata kona ndo unatokea ukumbini. Ile kona inafanya kazi mbili, inamsitiri anayeoga na inazuia joto lisitoke na baridi isiingie, na huku baridi si mchezo, majira yao ya baridi theluji inaanguka. Tena mahamamu mengi ya huku yamezamishwa chini kuliko barabara, ardhi yenyewe inasaidia kutunza joto na maji yanateremka yenyewe mpaka ndani bila ya pampu.

Halafu unaingia kwenye sarbineh, ndo ukumbi wa kuvulia nguo, wallahi nilisimama nikasahau wenzangu. Ukumbi una pembe nane, nguzo nane, katikati hodhi nalo la pembe nane, pembeni mabaraza yameinuka watu walikuwa wanakaa wanavua nguo, viatu wanaweka chini ya baraza. Vigae rangi ya feruzi na dhahabu, juu kuba limenakshiwa kwa chokaa na matofali. Nilidhani hapo ndo watu wanaogea, kumbe bado, hapo ni pa kupumzika tu, wakitoka kuoga wanarudi hapohapo wanajifunga mataulo makavu wanakunywa chai wanazungumza mpaka mwili utulie ndo wanatoka nje.

Kutoka hapo unapita tena njia nyingine yenye kona, vuguvugu, ndo unafika garmkhaneh, sehemu ya moto yenyewe. Yani mwili haukurupushwi, unatolewa kwenye baridi unapelekwa vuguvugu kisha moto, na wakati wa kurudi vivyo hivyo. Hili ndo jambo lililonishika mwanangu, yule aliyelichora jengo hili alianza na mwili wa mtu, unavyosikia baridi, unavyotoka jasho, unavyoona haya ukiwa huna nguo, kisha ndo akaja kwenye nakshi. Wewe mara nyingi unanionesha michoro yako kwa nje kwanza, sura ya jengo mbele ya barabara. Hili kwa nje lina ukuta wa udongo na mlango basi.

Maji ya moto yalikuwa kwenye khazineh, birika kubwa nyuma ya garmkhaneh, chini yake tanuri, wanachoma kuni, vichaka vikavu vya jangwani na hata samadi. Ule moshi wa moto hawakuuachia ukapotea bure, waliupitisha kwenye mifereji chini ya sakafu ndo utoke nje, kwa hiyo ukikanyaga mawe yana joto na ukikaa chini hupati baridi. Isfahan kuna hamamu la Sheikh Bahai, watu wa huku wanasimulia kwamba maji yake yalikuwa yanapashwa na mshumaa mmoja tu, wengine wanasema siri ilikuwa gesi ya maji machafu, mie nakuhadithia kama nilivyohadithiwa.

Kisha tukapanda juu ya paa, na hapa ndo nilipiga picha nyingi. Paa lote ni makuba makubwa kwa madogo kama vitumbua kwenye sinia, na kila kuba limetobolewa matundu yakazibwa kwa vioo vilivyobinuka kwa nje. Mwanga unaingia mzuri kabisa, lakini mtu aliye juu hata akiinama hamuoni aliye ndani. Madirisha hakuna lakini ndani kweupe. Kutoka pale unaona mji mzima na ile minara yao ya kukamata upepo kupozea nyumba.

Ila jengo bila watu ni mawe tu mwanangu, kwa hiyo nikawa nauliza uliza. Wanaume walikuwa na wakati wao na wanawake wakati wao, na kwa wanawake ilikuwa siku nzima, wanakuja na watoto na vyakula na hina. Kulikuwa na dallak, kazi yake kusugua watu, anavaa kiseh mkononi, ni kitambaa kigumu kama kifuko, anakusugua mpaka uchafu wote unatoka. Bibi harusi alikuwa analetwa hamamu na wanawake wa kwao na wa kwa mume, anaogeshwa kwa vigelegele. Aliyejifungua naye siku ya kumi analetwa. Nilipoyasikia haya nikamkumbuka dada yako alivyofanyiwa singo, wale wanawake walivyomzunguka. Mtu asiogee peke yake siku kubwa kama ile, hilo watu wa huku walilijua na sie tunalijua.

Na nisikufiche, lilikuwa na kasoro. Ile khazineh watu walikuwa wanaingia na kujitumbukiza humohumo, mwenye kidonda na asiye na kidonda, maradhi yakawa yanaenea, ndo karne ya 20 serikali ikapiga marufuku wakawekewa bomba za mvua. Baadae kila nyumba ikawa na bafu lake, mahamamu mengi yakafungwa.

Jioni tukaenda bustani ya Fin, iko hapahapa Kashan, Unesco waliiorodhesha 2011. Maji yanapita kila mahali, miti mikubwa, lakini mie nilikwenda kwa ajili ya hamamu lililomo humo. Ndipo alipouliwa Amir Kabir Januari 1852, waziri mkuu aliyeanzisha Dar ul-Funun, chuo cha kwanza cha kisasa Iran, akafukuzwa kazi kwa fitina za jumba la mfalme, akaletwa uhamishoni huku na mkewe, dada wa mfalme mwenyewe, mpaka mfalme akatoa amri wakamkata mishipa ndani ya hamamu. Chuo chake ndo kwanza kimefunguliwa. Wale Wairani wanaingia pale wanaongea kwa sauti ya chini, na mie moyo uliniuma kweli.

Sasa nina kazi nakupa. Hapo Mji Mkongwe kuna mtaa wa Hamamni, na lile hamamu lenyewe lipo, la Sultani Barghash aliyetawala kuanzia 1870 mpaka 1888, limejengwa kwa mtindo huuhuu wa Kiajemi. Na Kidichi kuna jingine la 1850, Seyyid Said alimjengea mkewe, mjukuu wa mfalme wa Uajemi, kuta zake zina nakshi za tausi na maua. Nenda yote mawili kabla sijarudi. Usipige picha ya kuta tu ukaondoka. Nitazamie njia ya kuingilia ina kona au imenyooka, mwanga unaingilia wapi, tanuri lilikuwa upande gani, na kama moshi walikuwa wanaupitisha chini ya sakafu au la, manake Unguja joto lipo la kutosha na nataka kujua mafundi walibadilisha nini walipolijenga kwetu. Chora, unitumie usiku nikiwa hotelini kwenye waifai.

Msalimie bibi, mwambie maji ya waridi ya Kashan nimeshamnunulia, chupa mbili.

Mama yako