Gari la mlimani litengenezwe kwa ajili ya kushuka

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyeandika wiki mbili zilizopita akitaka magari ya michezo, yale ya chini yenye viti viwili, yapigwe marufuku kwenye barabara za milimani. Aliitaja kabisa barabara yetu ya Mombo kwenda Lushoto. Mimi naishi Soni, kati ya Mombo na Lushoto, banda langu la kutengeneza breki liko Mombo, na huu ni mwaka wa sita napanda na kushuka mlima ule kwa gari la aina hiyohiyo anayoilalamikia. Uchungu wake naujua, maana aliandika baada ya kushuhudia ajali. Lakini dawa aliyoitaja si ya ugonjwa huu.

Gari langu ni Toyota MR-S ya mwaka 2001, gia za mkono. Katika nchi nyingi nje ya Japani lilijulikana kwa jina la MR2, jina lililoanza kutumika mwaka 1984. Injini yake haiko mbele kama tulivyozoea. Imekaa nyuma ya viti, kabla ya ekseli ya nyuma, na ukiwasha unaisikia mgongoni. Nililinunua Tanga kwa mteja wangu aliyekuwa anahama nchi. Lilikuwa limesimama uani miaka miwili, turubai la juu limechanika, panya wamezaa chini ya kiti.

Nalipenda, sioni sababu ya kuficha. Lina uzito wa kama tani moja tu na upana wake ni mita 1.695. Anayeijua barabara yetu ataelewa maana ya kipimo hicho: kwenye kona za chini ya Soni, ukikutana na Fuso limesheheni kabichi za kwenda Dar, kila sentimita ni mali. Mimi hupita na nafasi inabaki, wakati mwenye gari kubwa analazimika kurudi kinyumenyume hadi penye upana. Usukani wake mwepesi, pua inageuka pale unapoitaka. Na injini ni ileile ya 1ZZ iliyomo kwenye Premio, Allion na Wish za 1.8 za miaka ile, kwa hiyo plagi, koili na filta hazinisumbui kuzipata.

Injini hiyo ina ugonjwa mmoja ambao kila mwenye MR-S aujue. Ndani ya manifoldi ya moshi, karibu kabisa na silinda, kuna masega madogo mawili ya kusafisha moshi, mbali na sega kubwa la nyuma. Yale madogo yakizeeka humomonyoka, na unga wake hurudi kwenye silinda ukala kuta, gari likaanza kunywa oili. Langu nililifungua kabla sijalitembeza hata kilomita moja. Sega la kwanza lilikuwa zima, la pili limeanza kupukutika pembeni. Niliyatoa yote mawili, sega kubwa nikaliacha lifanye kazi yake. Jambo la pili ni maji. Rejeta iko mbele na injini iko nyuma, mabomba yamepita chini ya sakafu urefu wote wa gari. Fundi asiyelijua akibadilisha maji bila kutoa upepo wote, hewa inakwama njiani na injini inachemka hata Soni hujaiona. Nimefunga bamba la aluminiamu chini ya mabomba hayo, nikalitoboa matundu, kwa sababu mvua zikinyesha mawe huanguka barabarani na jiwe moja tu linatosha kupasua bomba.

Hayo ni ya kulifanya gari liishi. Mabadiliko yenyewe niliyaanzia kwenye breki, na hapa ndipo napotaka nisikilizwe.

Vijana wengi wakinunua gari la kupandia mlima hufikiria kupanda: nguvu, sauti, turbo. Kupanda hakujawahi kuniletea mteja aliyevunjika. Gari likishindwa kupanda linasimama, dereva anashuka anaweka jiwe nyuma ya tairi. Wanaoletwa kwangu kwa kamba ni walioshindwa kushuka.

Mwanangu aliye kidato cha tano alinipigia hesabu jioni moja kwenye daftari lake la fizikia. Lushoto mjini iko kwenye mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari na Mombo iko chini tambarareni, tofauti inakaribia mita 1,000. Gari la tani moja likishuka kimo hicho linatoa joto la kuchemsha karibu lita 30 za maji ya bomba. Ndoo nzima na nusu, zile ndoo tunazochotea maji! Nilimwambia arudie hesabu. Akarudia, jibu likawa lilelile. Sehemu ya joto hilo huchukuliwa na upepo na injini, lakini ukishuka kwa gia ya nne huku mguu umelala kwenye breki, sehemu kubwa inaingia kwenye diski, inapita kwenye pedi, inafika kwenye mafuta ya breki.

Mafuta ya breki nayo yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewa, na kwetu ukungu ni wa kila siku. Yana madaraja, yameandikwa kwenye chupa: DOT 3 ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishanyonya maji, kiwango kinashuka hadi 140. DOT 4 ni 230 ikiwa mpya na 155 ikishalowa. Mafuta yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabonyea, na pedeli inazama hadi sakafuni bila kushika kitu. Nimefungua magari yaliyoletwa baada ya ajali, mafuta ya breki yamekuwa meusi kama chai ya rangi iliyolala, mwenye gari ananiambia hajawahi kuyabadilisha tangu linunuliwe. Kwangu nimeweka DOT 4, naibadilisha kila mwaka kabla ya masika. Mipira ya breki iliyokuwa imepasuka juujuu niliitoa yote minne. Pedi nimefunga za kuvumilia joto, ingawa asubuhi zikiwa za baridi hulia kidogo. Na gia niliyopandia ndiyo ninayoshukia, kama walivyotufundisha madereva wa zamani wa malori.

Sasa nieleze kosa langu, maana msomaji yule ana haki ya kulijua.

Ilikuwa Aprili ya mwaka wa pili tangu ninunue gari, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nashuka kutoka Soni. Ukungu, lami imelowa, gia ya tatu, spidi arobaini na kitu. Kwenye kona moja ya kushoto udongo ulikuwa umeporomoka usiku, na bodaboda aliyebeba matenga mawili ya karoti alikuwa amehamia upande wangu kuukwepa. Nikaachia mafuta ghafla, mguu ukaenda kwenye breki nikiwa bado katikati ya kona. Mkia ukaondoka. Sikusikia kelele yoyote, nilihisi tu kiti kinahama chini yangu. Gari liligeuka likasimama linatazama nilikotoka, gurudumu moja la nyuma limo kwenye mtaro wa upande wa mlima. Upande wa pili wa lami hakukuwa na ukingo. Palikuwa na majani, kisha bonde.

Yule kijana aliegesha pikipiki akaja mbio dirishani. "Mzee, pole. Umeumia?" Nilimjibu sijaumia, lakini mikono ilikataa kuachia usukani. Yeye na wakulima watatu waliokuwa wanakwenda shamba ndio walioinua gari kutoka mtaroni kwa mikono yao.

Nilipofika bandani nilipiga magoti nyuma ya gari nikiwa na kurunzi. Tairi za nyuma nilizinunua mtumba, meno yake marefu, zinapendeza. Ubavuni mwa kila tairi kuna namba nne ndani ya kiduara: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Zangu ziliandikwa 3409. Wiki ya 34, mwaka 2009. Nikabonyeza mpira kwa ukucha, ukucha haukuacha alama, ngumu kama soli ya kiatu kilichokaukia juani. Mimi, fundi wa breki, nilikuwa nimefunga breki nzuri kwenye tairi zilizokufa.

Gari lenye injini pale ilipo ya langu, zaidi ya nusu ya uzito iko nyuma. Ukikanyaga mafuta kwa utulivu, uzito huo unazikandamiza tairi za nyuma na gari linang'ang'ania barabara kuliko magari mengi. Ukiachia ghafla kwenye kona, uzito unahamia mbele, tairi za nyuma zinapungukiwa mzigo saa ileile zinapotakiwa kushika, na injini inataka kwenda ilikokuwa inaelekea. Toyota walilijua hilo, ndiyo maana tairi za gari langu hazilingani: mbele 185/55R15, nyuma pana zaidi, 205/50R15. Ile ya mbele utaipata. Ya nyuma niliitafuta Mombo, Korogwe na Tanga miezi miwili. Kila duka walinishauri nifunge saizi moja kote, "mbona zitaingia tu, fundi." Kuingia zitaingia. Lakini ukiipunguza tairi ya nyuma umeipunguza ile inayoshikilia injini. Nilisubiri hadi zikaletwa mpya kutoka Dar. Baadaye nikapeleka gari kwenye mashine ya alaimenti, nikaomba tairi za nyuma ziangalie ndani kidogo, kama kiwanda kilivyoagiza, kwa sababu zikitazama nje mkia unakosa utulivu. Shokapu nilibadilisha zote nne. Springi sikuzigusa. Urefu wa gari ni uleule lililotoka nao kiwandani.

Tangu siku ile masika manne yamepita, na mkia haujahama tena. Mguu wangu pia umejifunza. Nakanyaga breki kabla ya kona gari likiwa limenyooka, kisha nabaki na mafuta kidogo hadi nitoke.

Mwezi uliopita alinijia kijana wa Korogwe na Altezza nyeupe, nzuri, imeoshwa.

"Shikamoo mzee. Nataka unikatie springi mizunguko miwili, halafu tutoboe bomba la moshi lilie."

"Marahaba. Unakwenda nalo wapi?"

"Lushoto, Jumamosi. Kuna harusi."

"Pedi zako zimebaki kiasi gani?"

Hakujua. Tukafungua gurudumu la mbele. Pedi ilikuwa imebaki unene wa sarafu, na diski ina mtaro unaoingia kucha. Nikamweleza kwamba springi iliyokatwa na graunda haina pa kubonyea, tairi ikipita kwenye tuta au shimo inarushwa hewani, na tairi iliyo hewani haina breki hata ukanyage kwa miguu miwili. Pesa ya springi na ya bomba ikaishia kwenye pedi, diski na chupa ya mafuta ya breki. Hakufurahi. Alikwenda harusini na gari refu lisilolia, na Jumapili jioni alirudi kwa kupitia bandani kwangu, akapunga mkono bila kusimama.

Kwa hiyo namwomba msomaji mwenzangu: asilipige marufuku gari kwa umbo lake. Ukaguzi uwepo, na ninauunga mkono kwa moyo wote, lakini mkaguzi ainame. Asome zile namba nne kwenye tairi, afungue kifuniko cha mafuta ya breki, amulike springi kama zina alama ya graunda. Afanye hivyo kwa MR-S yangu, kwa Noah ya abiria na kwa lori la kabichi, palepale Mombo kabla ya kupanda na Lushoto kabla ya kushuka. Dakika kumi kwa gari zinatosha, mimi huifanya kazi hiyo kila siku.

Na wenye dhamana ya barabara nao wana lao. Kwenye ukungu wetu dereva hauoni ukingo wa lami. Mstari mweupe pembeni, kioo cha duara kwenye kona zisizoona mbele, na rangi kwenye matuta, hivyo vitatu vingetusaidia sote, mwenye gari la chini na mwenye basi.

Ile kona niliyogeukia bado haina mstari. Jumamosi iliyopita nilikuta vijana wa kijiji cha jirani wamepanga mawe upande wa bonde, makubwa kama vichwa vya ng'ombe, wanayapaka chokaa kwa ufagio. Yule wa karoti alikuwa mmoja wao. Wamefika nusu ya kona, chokaa ikawaishia. Nimenunua mfuko mwingine, nitawapelekea kesho nikipanda, utaingia kwenye kiti cha abiria.

Fundi breki,
Mombo, Tanga